Kucha za Siku Moja

Mikono ya mama yangu ilikuwa imelala juu ya taulo langu jeupe, viganja chini, na katika miaka sita ya kutengeneza kucha za watu mjini Kisii sikuwahi hata kuota kwamba ningeiona hapo. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mgongo wima, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa hadi karibu na nyusi. Hakuinua macho kutazama picha za kucha nilizobandika ukutani. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, na Jumapili dada yangu Maureen alikuwa anaolewa.

"Nataka zile ngumu," alisema. "Zile za unga. Lakini zisiwe ndefu, wala zisiwe na rangi. Ziwe kama kucha za mtu tu."

"Akriliki?"

"Mimi nitajuaje jina lake, Nyanchama? Zile mnazowawekea maharusi."

Upande wa pili wa chumba, Linda aliacha kitana hewani. Chumba tumekikodi pamoja, yeye akisuka nywele, mimi nikishughulika na kucha, naye Linda alimjua mama kwa malalamiko yangu tu. Malalamiko hayo yalikuwa mengi. Nilimwona akiangaliana na mteja wake kwenye kioo.

Lazima nieleze. Mama yangu, Bathsheba, ni shemasi wa kanisa letu kule Magwagwa. Ndiye hutandika kitambaa cha meza ya Bwana, ndiye huoka mkate usiotiwa chachu, ndiye huwarudisha wasichana wa kwaya bombani wakanawe poda usoni kabla ya kuimba. Kwa kanisa letu hereni ni dunia, wanja ni dunia, na ukucha wa bandia ni dunia yenyewe iliyoketi kwenye kidole. Nilipomaliza kozi yangu na kufungua meza hii, hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alichofanya ni kuacha kabisa kuitaja kazi yangu. Watu wakimwuliza kifunguamimba wake anafanya nini, hujibu, "Yuko mjini," kana kwamba kuwa mjini ni ajira. Nami kwa ukaidi niliourithi kwake yeye mwenyewe, nikapunguza kwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye misiba, na siku moja moja za likizo.

Kwa hiyo alipoketi pale nilifurahi, tena furaha yenye uchokozi ndani yake. Nilijiambia kwamba harusi imemlainisha, na kwamba sasa ni zamu yangu kutamba kidogo.

"Mama Shemasi," nikamtania, "leo kanisa limenihamia?"

"Fanya kazi, mama. Nataka nirudi mapema."

Nikavuta taa karibu. Kucha zake zilikuwa nyeusi, lakini sikushtuka, kwa sababu weusi ule niliujua. Mwezi wa Aprili, nilipokwenda nyumbani kwa siku mbili, niliziona akinimiminia chai, nikamcheka. Nani kwetu asiyejua vidole vya wachuma chai? Utomvu wa majani huingia kwenye ngozi, hukauka, huwa kama masizi, na hakuna sabuni inayouweza. Kila mkono ulionipa chakula utotoni ulikuwa na vidole vya namna hiyo. "Mama," nilimwambia siku ile, "Magwagwa nzima imekuachia wewe peke yako uichumie chai?" Naye akacheka, akaviingiza vidole ndani ya leso, akasema majani ya msimu huu yana utomvu mkali. Niliporudi mjini nilimtumia jozi mbili za glavu za mpira na mfuko wa ndimu, nikajiona mtoto mwema.

"Basi tuanze kwa kuitoa hii chai," nikasema.

Nilikamua ndimu, nikasugua. Nikasugua tena kwa pamba yenye asetoni. Nikachukua tupa yangu laini kuliko zote, ile ninayoitumia kwa kucha nyepesi, nikaipitisha mara mbili juu ya ukucha wa kidole cha shahada. Weusi haukutoka. Ulikuwa chini ya ukucha, si juu yake. Nilipobonyeza kidogo ukucha ulicheza, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na mama akavuta pumzi ndani kwa ghafla. Hakuuondoa mkono.

Nikaugeuza, kiganja juu. Chai ina tabia yake. Huanza kwenye mikunjo, kwenye mistari ya kiganja na ubavu wa kidole gumba, pale jani linapokatikia. Kucha hufuata baadaye. Mikunjo ya mama ilikuwa safi. Kiganja kilikuwa kimepauka na kulainika, na ncha za vidole zilikuwa zikimenyeka. Mikono ile haikuwa imegusa mchai kwa miezi mingi.

Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja alikuja kwangu na kucha za namna ile, zina mistari ya giza iliyolala kwa upana na zimeanza kuachana na nyama. Yule alikuwa mkweli, aliniambia kabla sijamshika ni dawa gani zilizozifanya hivyo. Nilimpaka mafuta, tukaagana, na sikumwona tena.

"Mama," nikasema polepole, "siku hizi chai yako inachumwa na nani?"

"Mose," akajibu. Mose ni binamu yetu. "Tangu Februari."

Linda hakuwa ameambiwa kitu, lakini ana akili ya kuwasoma watu. Alimwinua mteja wake, akamwambia waende nyuma wakaoshe nywele, ambazo zilikuwa zimeoshwa tayari, akavuta pazia. Mpaka leo namshukuru.

Mama alinieleza kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye taulo. Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, kwenye titi la kushoto. Safari zake za hospitali aliziita semina za mashemasi. Alitundikiwa dawa mara sita. Nywele zilikwisha mwezi wa tatu, lakini nani angejua, kwa mwanamke ambaye hajawahi kuonekana hadharani bila kitambaa? Kisha wiki mbili zilizopita daktari alimwonyesha picha ya ini, akamwambia kwamba zile dawa zimeshindwa.

"Amesema nirudi tarehe ishirini na sita tuongee," akasema. "Daktari akikuita mkaongee, mama, ujue hana kingine cha kukupa."

"Na mimi hukuniambia. Mimi!"

"Wewe ulisema ni chai." Hakulisema kwa lawama. "Nikaona ni afadhali iwe chai."

Nililia. Sina haja ya kulipamba jambo hilo. Nililia nimelaza paji la uso kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya chupa na vumbi la kucha za wanawake wengine, nikifikiria zile ndimu. Kuna mtoto aliyeona mkono wa mama yake ukioza, akamtumia ndimu. Mama aliniacha kwa muda, kisha akanigusa kwenye kifundo cha mkono.

"Lia upesi," alisema. "Tuna kazi."

Nilipoinua uso alikuwa ameshapanga maneno yake, kama apangavyo matangazo ya kanisa. Harusi ya Maureen ilikuwa imeahirishwa mara moja, baba alipofariki wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Maureen akisikia habari hii ataahirisha tena, tena bila kuombwa, akae kando ya kitanda akimnywesha uji mpaka mwisho. Baada ya hapo matanga, baada ya matanga mwaka wa kuomboleza. Mathew ni kijana mzuri, lakini watu wake wa Masimba watasubiri mara ngapi?

"Na mimi pia," akaongeza, na sauti ikamtetemeka kidogo kwa mara ya kwanza, "nataka nisalimiwe kama mama wa bibi harusi. Wakijua, watanisalimu kama maiti. Nipe Jumapili hiyo moja. Jumatatu nitamwambia Maureen mwenyewe."

Nguo ilikuwa imeshonwa yenye mikono mirefu. Kitambaa kilikuwepo. Uso ungefichwa na furaha, ndivyo alivyosema. Kilichobaki ni vidole, na vidole havingefichika, kwa sababu kwetu kijijini mama wa bibi harusi ndiye huwanawisha wakwe maji kabla ya chakula, mkwe mmoja baada ya mwingine, mkono kwa mkono. Na watu walikuwa wameanza kutoiamini ile chai. Alikuwa amekwenda kwanza kwa fundi mmoja kule Suneka, mahali asipojulikana. Yule msichana alipoziona alimrudishia mikono yake, akamwambia, "Mama, wewe nenda hospitali."

"Ulikwenda Suneka," nikasema. Hata katikati ya huzuni ile wivu ulinichoma, wivu wa kazi.

"Nilitaka usijue. Ningekuwa na njia nyingine, nisingekuja hapa."

Basi na mimi nikamkatalia. Nilimweleza kwamba akriliki hushikishwa kwa kukwaruza ukucha, na kwamba ukucha ulioachana na nyama hufungia uchafu chini yake, na mtu aliyetundikiwa dawa zile damu yake haina nguvu ya kupigana na hata kidonda cha mwiba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unaogopa nitakufa kwa kucha, Nyanchama?"

"Naogopa Jumapili utakuwa kitandani una homa."

Hilo lilimwingia. Akaitazama mikono yake, kisha, sijui kwa nini, akaitazama yangu. Niliilaza kando ya yake juu ya taulo. Ilikuwa mikono ileile. Vidole vifupi, kifundo cha kati kimenenepa, kidole cha mwisho kimeinama kuelekea wenzake. Mimi ambaye nimeshika mikono ya nusu ya wanawake wa Kisii sikuwa nimewahi kuona hilo. Hapo nikajua la kufanya.

Nilipaka mafuta mepesi kwenye kucha zangu mwenyewe za mkono wa kushoto ili kitu kisishike, nikaweka vibao vya karatasi chini ya kila ncha, nikafungua unga na dawa yake. Harufu ni kali, kwa hiyo nilimsogeza mama hadi dirishani, nikafungua vioo vyote. Nilichanganya unga wa waridi na ule wa maziwa hadi nikapata rangi ya ukucha wa mwanamke mzima mwenye afya yake. Kisha nikaanza kuzijenga kucha za mama yangu juu ya vidole vyangu.

Alinitazama nikifanya kazi. Hakuwahi. Brashi huchovywa kwenye dawa, huguswa kwenye unga, huinuka na tone dogo lililovimba, na una muda wa pumzi chache kulilaza kabla halijakuwa jiwe. Nilizijenga tano, zikakauka, nikazibandua mojamoja. Nikajenga tano nyingine juu ya vidole vilevile, za mkono wake wa kulia. Kila mmoja niliupeleka dirishani nikaupima kwenye kidole chake bila kubonyeza, nikarudi mezani, nikapunguza pembeni kwa tupa.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe," alisema wakati mmoja.

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Inataka subira."

Nikachovya brashi tena.

Na hapo ndipo nilipokosea. Ilinipasa kuziharibu kidogo. Ningeukwaruza mmoja, ningeupinda mwingine, ningeacha upande mmoja mfupi kuliko wa pili, kwa sababu hakuna mwanamke wa shambani mwenye kucha kumi zinazolingana. Lakini nilikuwa nimesubiri miaka sita anitazame nikifanya kazi. Nilizilainisha mpaka zikang'aa, nikazipa ule ukingo mwembamba mweupe, kila mmoja ukawa pacha wa mwenziwe. Alipozijaribu akaigeuzageuza mikono kwenye mwanga.

"Zimekuwa nzuri mno," alisema, na mimi nikalipokea neno hilo kama sifa tu, nisilisikie vizuri.

Ijumaa asubuhi akaja Maureen. Alitaka rangi isiyo rangi, mng'aro tu, ili kanisa lisiseme. Alikuwa mwepesi siku hiyo, anacheka ovyo, hatulii kitini.

"Umemfanyia nini mama?" aliniuliza. "Amenipigia simu jana jioni anacheka. Eti alikuja hapa, eti ulimpokea vizuri. Mama, hapa!"

"Alikuwa anapita."

"Nilijua mtapatana. Si nilikuwa naomba? Nilisema, Mungu, usiache niolewe hawa wawili hawaongei." Akaniangalia kwa karibu. "Mbona macho mekundu?"

"Ni dawa za kucha."

Nilishika mkono wake na kupaka kidole baada ya kidole. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, mara mbili nikaufunga. Nilikuwa nikimficha mtu mama yake mwenyewe, na mtu huyo alikuwa akinishukuru. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia asubuhi ile.

Jumapili nilifika Magwagwa kabla ya jua kutoka milimani. Nilimbandika mama zile kucha chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa gundi nyepesi ya kubandua siku hiyohiyo. Nilimwonya asiloweke mikono, asikunje ngumi. Aliniitikia kama mtoto anayeahidi asichokusudia. Mwilini alikuwa amebaki mifupa na ile nguo, lakini alipotoka uani na kupiga kigelegele cha kwanza, hata mimi niliyekuwa najua nilisahau kwa muda.

Ibada ilikwisha salama. Wakwe wakaja na nyimbo zao, wakaketi chini ya hema, na mama akapita kwenye safu na birika na beseni, akiwamiminia maji na kuwapa mkono. Wazee wa Masimba walimsifu. Zamu ya Mathew ilipofika alimshika mikono yote miwili, akaiinamia. Niliona kila kitu nikiwa nimesimama kando ya meza ya wali, na nikaanza kuamini kwamba tutafika jioni.

Kisha nikamwona Abigael akimtazama.

Nisimseme vibaya Abigael. Ni mke wa mzee wa kanisa, na baba alipofariki alilala kwetu siku nne akipika na kuosha vyombo bila kuombwa. Shamba lake la chai limepakana na letu. Alisubiri mama amwage maji ya mwisho, akamshika kiwiko kwa upole, akampeleka nyuma ya jiko, mahali pasipo na watu. Nami nikachukua sinia tupu nikawafuata.

"Mama Shemasi, hebu nione mikono."

Mama akaitoa.

"Nimechuma chai na wewe miaka thelathini," alisema Abigael. "Kucha zako nazijua kuliko zangu. Hizi si zako."

"Si zangu."

"Bathsheba! Wewe? Wewe unayewarudisha watoto wa watu bombani?" Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wakwe wameona. Akina mama wameona, wananong'ona huko kwenye hema. Umri huu ndio umeanza kuipenda dunia?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Neno lilikuwa kinywani tayari, na lilikuwa fupi. Ningelitamka, Abigael angepiga magoti palepale akaomba msamaha, na jina zuri la mama lingerudi lilipokuwa. Mama akanitupia jicho. Lilikuwa jicho lile la utotoni, la kanisani, linalokuambia ukae kama ulivyo. Nikakaa kama nilivyo.

"Ni kwa leo," mama alimwambia.

"Nani amekushawishi?" Na macho ya Abigael yakanijia mimi.

"Sikushawishiwa na mtu. Nilikwenda kwa miguu yangu. Nimetengenezewa na binti yangu, huyu hapa. Ndiyo kazi yake kule mjini, anatengeneza kucha." Akamsogezea mikono karibu. "Ana mkono mzuri. Si unaona mwenyewe?"

Miaka sita nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Nililisubiri kwa hasira, kwa kiburi, kwa kukataa kwenda nyumbani, na sasa limekuja nyuma ya jiko, mama yangu akilinunua kwa heshima yake yote. Ningekubali alinyamazie hadi kaburini kuliko kulisikia namna ile. Hata hivyo nililisikia, na siwezi kusema uongo, lilinifurahisha, na kufurahi huko kulinitia aibu.

Abigael alifuta uso kwa ncha ya leso. "Kamati ya kanisa inakaa tarehe tano mwezi ujao," alisema. "Sina budi kulifikisha, Bathsheba. Nikinyamaza watasema ni kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Na mpaka siku hiyo, kitambaa cha meza umwachie mwingine."

"Lifikishe," mama alijibu. "Nitakuja kujibu."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu mwenye miezi mingi mbele yake. Abigael akatikisa kichwa, akarudi hemani, akitembea kwa uzito.

Tulibaki wawili. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, na nikaona ngumi yake ya kulia imekunjwa. Nilimwonya asikunje ngumi. Akaifungua polepole. Ukucha wa kidole cha pete ulikuwa umebanduka, umelala kiganjani, mzuri, unang'aa, na pale ulipokuwa, ukucha wake mwenyewe ulikuwa mweusi na umeinuka nusu, na damu kidogo pembeni.

"Rudisha," alisema. "Rudisha upesi."

Gundi ilikuwa chumbani, ng'ambo ya watu wote wale. Na mpiga picha alikuwa ameshaanza kuita kwa kipaza sauti, familia ya bibi harusi, familia ya bibi harusi mbele tafadhali. Nikamwona Maureen akija upande wetu, ameinua gauni kwa mikono miwili lisiguse matope, anacheka.

"Mnajificha nini huku? Twendeni, watu wa Masimba wamechoka kusimama!"

Niliushika mkono wa mama. Nilipitisha vidole vyangu katikati ya vyake, nikakifunika kile kidole kwa kiganja changu, tukatoka tumeshikana hivyo mbele ya hema lote. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono. Labda nilipokuwa naanza shule. Nilisikia wanawake wakisema tazameni, wamepatana, na mmoja akapiga kigelegele. Maureen alisimama katikati na Mathew wake. Sisi tukasimama kushoto.

Mpiga picha alikuwa kijana anayejali kazi yake. Alitutazama kwenye kamera, akashusha kamera, akatutazama tena.

"Mama na dada mkubwa," alisema, "achieni mikono. Simameni wima kama wengine, picha ikae sawa."

Maureen akageuka kutuangalia. Nilihisi damu ya mama, au jasho langu, kati ya vidole vyetu.

"Piga hivyohivyo," mama akamwambia.

Kijana akainua mabega, akaanza kuhesabu kwa sauti. Mkono wa mama ulikuwa wa moto. Niliubana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika kuficha kidole kimoja, na lazima nilimwumiza, lakini hakuutoa.